Tunda, Kuti na Mahaba

Ndugu zangu, nianzie sokoni. Siku chache kabla ya Sikukuu ya Vibanda ya Wayahudi, ukipita mtaa wa Mea Shearim, Jerusalem, utamkuta mzee ameinamia tunda, kioo cha kukuzia kimeganda jichoni kama cha fundi saa. Tunda lenyewe ni etrogi, ndugu yake limau, ganda nene lenye vinundu; katika sikukuu hiyo Torati huamuru lishikwe pamoja na kuti la mtende. Anatafuta doa. Kadoa kidogo tu, hasa kule juu linakoanza kuchongoka, kanatosha kumfanya alirudishe sandukuni. Anakagua pia kile kichomozo cha nchani, kisije kikawa kimekatika. Muuzaji wala hanuni, kazoea.

Usumbufu wote huo wa nini? Wimbo wa Musa baada ya kuvuka bahari, Kutoka 15:2, una neno la Kiebrania, ve'anvehu, ambalo Biblia yetu ya Kiswahili husema “nami nitamsifu”. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya wanazuoni wa kale wa Kiyahudi, katika kitabu chake cha Shabati, ukurasa wa 133b, inalielewa hivi: jipambe mbele zake kwa amri zake. Jenga kibanda kizuri, shika kuti zuri, piga baragumu zuri, vaa matamvua mazuri. Gombo la Torati liandikwe kwa wino mzuri na mwandishi stadi, lizungushiwe hariri. Huko ndiko kuipamba amri, hiddur mitzva. Papo hapo mwanazuoni Aba Shaul analisoma neno hilohilo kwa namna nyingine: fanana Naye, alivyo mwenye huruma, nawe uwe na huruma. Nafurahi kwamba hawakuifuta tafsiri yoyote kati ya hizo mbili.

Na gharama? Kitabu kingine cha Talmudi, Bava Kama 9b, kinasema ongeza hadi theluthi. Theluthi ya bei ya awali, au ya jumla? Waliuliza, na Talmudi ikaliacha swali bila jibu. Wanazuoni bwana!

Sasa sikilizeni kisa cha Talmudi, kitabu cha Suka 41b. Mwanazuoni Rabban Gamliel alikuwa safarini merikebuni pamoja na wenzake Rabi Yehoshua, Rabi Elazar ben Azarya na Rabi Akiva. Sikukuu ikawakuta majini. Mwenye kuti la mtende alikuwa Rabban Gamliel peke yake, na alilinunua kwa zuzi 1,000, sarafu za fedha za kale. Talmudi inajiuliza: bei tunatajiwa ya nini? Inajibu: ujue amri zilikuwa havivot kwao, yaani zilipendwa. Neno hilo lina mzizi mmoja na mahaba yetu, lile letu likiwa limepitia Kiarabu.

Lakini siku ya kwanza ya sikukuu kuazima hakufai. Kila mtu ashike lililo mali yake. Rabban Gamliel akalishika, akatimiza amri, kisha akampa Yehoshua liwe lake kabisa, zuzi 1,000 zote. Yehoshua akatimiza, akampa Elazar liwe lake. Elazar akampa Akiva. Na Akiva, alipomaliza, akamrudishia Rabban Gamliel, nalo likawa zawadi.