Kubana Nafasi Zinazorudiwa Kwenye Maandishi: Mhadhara kwa Watengeneza Programu za Simu, Kigoma

Habari za asubuhi, wadogo zangu. Wengi wenu mnatengeneza programu za kuandikia wateja na mauzo, na kwa hapa Kigoma hiyo ni kusema dagaa na mawese. Basi tuchukue programu ya kufikirika. Karani yuko mwaloni Kibirizi, simu mkono huu, daftari mkono ule, anaingiza wauzaji na mizigo yao. Mwisho wa mwezi ripoti inatoka, na "Kigoma Ujiji" imejitokeza mara mbili, kila moja na jumla yake.

Kwa macho ni maneno yale yale. Ila moja ina nafasi mbili katikati, na kwa kompyuta stringi (mfuatano wa herufi, nafasi zikihesabiwa) ya herufi 12 si ile ya herufi 13. Ubaya zaidi, ukiifungua ripoti hiyo kwenye kivinjari, HTML huzibana nafasi zinazofuatana ikaonyesha moja tu. Utakaa siku nzima unatafuta kosa ambalo skrini imelificha.

Lawama hutupiwa karani, eti kabonyeza mara mbili. Mara nyingine kweli. Lakini tazameni fomu zetu: jina la kwanza, la kati, la ukoo. Msimbo unaunganisha matatu hayo na kuweka nafasi baada ya la kwanza na baada ya la kati. Mtu asipojaza la kati, nafasi mbili zimeshapatikana, na hakuna aliyezibonyeza. Ni sisi wenyewe. Kisha kuna kibodi za simu: ukichagua neno inalokupendekezea, nyingi huongeza nafasi baada yake, hivyo jina huhifadhiwa na mkia usioonekana.

Dawa inayokuja kichwani kwanza ni kubadilisha nafasi mbili kuwa moja. Ijaribuni kwenye karatasi. Zikiwa tatu, mbili za kwanza zinakuwa moja, ya tatu inabaki: bado mbili. Zikiwa nne, zinabaki mbili. Kinachotakiwa ni kusema "nafasi moja au zaidi, weka moja", na hiyo ni kazi ya rejeksi, yaani kanuni fupi ya kutafuta ruwaza kwenye maandishi. Kwa Kotlin, lugha ya kutengenezea programu za Android:

jina.trim().replace(Regex("\\s+"), " ")

Hapo trim inakata za mwanzoni na mwishoni, zinazobaki zinabanwa: \s ni alama ya nafasi (ndani ya msimbo mkwaju wake huandikwa mara mbili), na + ni "moja au zaidi". Kama mnapitia orodha ndefu, tengenezeni hiyo Regex mara moja nje ya kitanzi, yaani sehemu ya msimbo inayojirudia. Simu nyingi za wateja wetu hazina nguvu ya kuchezea.

Sasa sehemu inayonipendeza, ingawa huwatesa watu. Nafasi si moja. Kwenye Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, ile ya kibodi ni U+0020. Ipo U+00A0, nafasi isiyokatika, inayoingia mtu anaponakili maandishi kutoka ukurasa wa wavuti. Kwenye Java ya kawaida ya kompyuta, \s haiigusi. Kwenye Android, rejeksi hufuata Unicode daima, kwa hiyo inaigusa. Maana yake jaribio linaweza kufeli kwenye laptop wakati msimbo huo huo unafanya kazi vizuri kwenye simu, na mtaanza kugombana nani kavuruga. Na ipo U+200B, isiyo na upana kabisa: Unicode haiihesabu kuwa nafasi, \s inaipita, trim inaipita. Hiyo iondoeni kwa kuitaja yenyewe.

Swali la wapi usafishe ni zito kuliko la namna gani. Nimeona watu wanasafisha kila herufi inapoandikwa. Karani anaandika Asha, anabonyeza nafasi ili aendelee na Juma. Trim inaikata nafasi hiyo palepale. Kinachotokea ni "AshaJuma". Akirudi kurekebisha katikati, kishale kinaruka mwisho. Mwacheni mtu aandike. Safisheni anapobonyeza Hifadhi, na seva isafishe tena kwa kanuni ile ile, maana si kila kitu kinapitia simu yenu.

Si kila kisanduku kinabanwa. Nywila haiguswi. Maelezo marefu yana mistari, na \s+ humeza hata mwisho wa mstari, aya zote zikawa tope. Huko tumieni [ \t]+, inayogusa nafasi ya kawaida na tabo tu. Risiti inayopangwa safu kwa nafasi iacheni kama ilivyo, la sivyo bei zitahamia chini ya majina ya bidhaa. Namba ya simu ndiyo kinyume: ondoeni nafasi zote.

Nimeona mkono pale nyuma. Ndiyo, data iliyokwisha kuingia vibaya. Usikimbilie kuunganisha. Chukua nakala kwanza, kisha hesabu ni majina mangapi yatagongana baada ya kusafishwa. "Kigoma Ujiji" mbili unganisha bila wasiwasi, mji ni mmoja. Lakini Juma Hamisi wawili, mmoja mwenye nafasi moja na mwingine mbili, wanaweza kuwa watu wawili kweli. Ujiji hii akina Juma Hamisi ni wangapi? Hapo linganisha namba za simu, na zikitofautiana mwachie karani anayewajua aamue.