Bajeti Imepita, Fedha Hazijaingia

Mwenyekiti, asante. Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, habari za jioni, na poleni na joto. Naona feni mbili kati ya nne zinazunguka, kwa hiyo hata hapa kuna mtu wa utawala anayesubiri fungu lake.

Kwenye tangazo mmeniandika "bingwa wa menejimenti ya kimataifa". Mke wangu alilisoma akacheka mpaka akakaa chini. Mimi ni mtu wa vocha za malipo. Nilianzia masijala nikibeba mafaili, nikaingia uhasibu, na miaka yangu ya mwisho nikaimalizia kwenye shirika moja la kimataifa ambalo leo sitalitaja, maana bado wananilipa pensheni.

Walionisikia zamani wanajua nitakachosema. Nimelisema Morogoro, nimelisema Dodoma, nimelisema kwenye msiba Kigamboni mpaka nikaombwa nikapumzike. Kasma si fedha. Kasma ni ruhusa ya kutumia iliyopitishwa kwenye bajeti. Andikeni hilo, mkitaka kutoka tokeni, nyuma kuna soda.

Mmebaki? Haya.

Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu alikuwa anaoa. Kamati ikawa inakaa kwenye baa moja Sinza kila Jumapili saa 11 jioni. Mimi nikachaguliwa mhazini, eti mjomba ni mtu wa mahesabu. Kikao cha kwanza cha harusi mnakijua, kila mtu anataka aonekane. Huyu anaahidi laki 5, yule milioni, mwingine anasimama na glasi mkononi anasema keki na vinywaji wamwachie yeye. Katibu anaandika, watu wanapiga makofi. Tukajumlisha ahadi, zikafika milioni 28. Mwenyekiti akagonga meza, bajeti imepita! Ukumbi, chakula cha watu 300, mpambaji, MC, mpiga picha, tarumbeta, gari la maharusi.

Nikauliza, mkononi kuna shilingi ngapi? Kulikuwa na laki 4 na 20,000. Wakaniangalia kama mtu aliyetaja deni mbele ya wakwe.

Zimebaki wiki mbili, zimeingia milioni 11. Mwenye ukumbi anataka salio lake. Mama wa chakula anasema bila nusu haendi sokoni. Na ahadi zipo, kwenye daftari, tena zimepigiwa mstari kwa rula. Nikaanza kupiga simu. Mjomba, niko Mbeya kikazi. Mjomba, tusubiri mwisho wa mwezi. Mmoja alizima simu kabisa, na siku ya harusi alikaa meza ya mbele. Tukakata. Tarumbeta ikatoka, watu 300 wakawa 200, gari la maharusi likawa la jirani. Tukaenda kukopa kwenye kikoba cha shangazi, na shangazi hajaacha kunikumbusha hadi leo. Harusi ikapita, watu wakala, bibi harusi hakujua lolote.

Sasa sikilizeni kikao cha kuvunja kamati. Nikasoma hesabu: bajeti milioni 28, matumizi milioni 17. Yule bwana wa kuzima simu alikuwepo, kwa sababu palikuwa na mbuzi. Akasimama akasema: "Mhazini, bajeti ilikuwa 28, mmetumia 17. Basi zimebaki 11. Tugawane bakaa."

Mnacheka. Hata siku ile watu walicheka. Lakini alichokisema yule bwana ni kanuni ya fedha ya Umoja wa Mataifa.

Sitanii. Baraza Kuu linapitisha bajeti ya kawaida mwishoni mwa Desemba. Ya mwaka 2025 ilikuwa kama dola bilioni 3.72. Ibara ya 17 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inasema gharama zitabebwa na wanachama kwa viwango vitakavyopangwa na Baraza. Marekani ndiyo iko kwenye dari, kiwango cha juu kabisa, asilimia 22 ya bajeti. China sasa imepita kidogo asilimia 20. Sisi wa kundi la nchi maskini zaidi hatutozwi zaidi ya asilimia 0.01. Barua zinatumwa, kila mwanachama anatakiwa alipe ndani ya siku 30. Wapo wanaolipa Januari. Wapo wanaolipa Novemba. Wapo walioko Mbeya kikazi.

Katibu Mkuu ana kasma kamili mkononi na benki hana kitu, kwa hiyo anafanya tulichofanya Sinza. Anasimamisha ajira, anakata safari, anaacha viti wazi. Mwaka unakwisha, matumizi yako chini ya bajeti, na kanuni inataka kilichobaki kwenye kasma kirudi kwa wanachama, kwa kupunguziwa mchango unaofuata. Iwe fedha hiyo iliingia au haikuingia! Unabana kwa sababu hukulipwa, halafu kule kubana kwako kunahesabika kuwa ni bakaa ya kugawana, na mwakani unaanza na kidogo zaidi. António Guterres, akiwa Katibu Mkuu, ameomba mara nyingi kanuni hiyo isimamishwe au ibadilishwe. Oktoba 2019 fedha zilikuwa zinaisha kabisa, pale makao makuu New York ngazi za umeme zikazimwa, vipoza hewa vikapunguzwa nguvu, na baa ya wanadiplomasia ikawa inafungwa saa 11 jioni. Saa ileile sisi tulikuwa tunafungua kikao.

Najua kuna kijana hapo anasema moyoni, si wakope benki? Hawana ruhusa. Umoja wa Mataifa haukopi kwenye mabenki ya biashara. Una mfuko wa mtaji wa kuendeshea kazi, ulikuwa dola milioni 150, sasa ni 250. Pigeni hesabu wenyewe. Bilioni 3.72 gawanya kwa miezi 12 unapata zaidi ya milioni 300 kwa mwezi. Mfuko wote hautoshi mwezi mmoja. Na sehemu kubwa ya bajeti hiyo ni watu, mishahara, huwezi kumwambia mfasiri wa Kiarabu arudi mwakani. Mwingine anasema, si wawanyang'anye kura wasiolipa? Ibara ya 19 ipo. Deni likifikia michango ya miaka miwili kamili, kura ya Baraza Kuu inaondoka. Lakini anayelipa mwaka huu kwa kuchelewa miezi kumi na mwakani kwa kuchelewa miezi kumi hafikii hapo maisha yake yote. Marekani kuanzia miaka ya 1980 ilizoea kulipa sehemu kubwa mwishoni mwa mwaka, maana mwaka wao wa fedha unaanza Oktoba 1. Kwa kuchelewa huko hawakuvunja kitu cha kuwanyima kura. Walikuacha tu na miezi tisa ya kuishi kwa kikoba cha shangazi.

Na asiseme mtu hayo ni ya New York. Hapa Dar es Salaam ilikaa Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuanzia 1963 hadi 1994, nayo ilitegemea michango ya wanachama. Waulizeni wazee wenu kama wote walilipa. Pale Arusha, Bunge la Afrika Mashariki limewahi kuahirisha shughuli kwa sababu michango ya nchi haijafika. Sisi ndio wenyewe.

Basi Afisa Masuhuli, yaani mtendaji mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, au mkurugenzi wa fedha afanye nini? Hapa ndipo huwa nagombana na walimu wenu. Wanawafundisha taarifa ya fedha yenye safu mbili, iliyopitishwa na iliyotumika, halafu asilimia ya utekelezaji, halafu makofi. Mimi nilikuwa nairudisha. Nataka safu ya fedha iliyoingia benki. Nataka na nyingine ambayo hakuna anayeipenda, fedha iliyokwisha fungwa: LPO, hati za kuagiza bidhaa, zilizotoka, mikataba iliyosainiwa, mshahara wa mtu uliyemwajiri jana kwa miaka miwili. Hizo bado hazijalipwa lakini si zako tena. Chukua iliyoingia, toa iliyolipwa, toa iliyofungwa. Kinachobaki ndicho unachoweza kusaini kesho asubuhi, na mara nyingi ni kidogo mpaka unatia aibu.

Nilikuwa nawapa jedwali hilo watu waliokuja kwenye usaili wa nafasi za juu, wenye shahada mbili, wenye tai. Nawauliza, kesho tunaweza kununua magari mangapi? Wengi wanachukua bajeti wanagawanya kwa bei ya gari. Mmoja alinieleza utawala bora kwa dakika nane. Alizungumza vizuri sana.

Halafu iandike. Bosi akikwambia "wewe fungua zabuni, fedha itakuja", mwambie ndiyo mkuu, kisha kaa chini uandike dokezo: leo tarehe fulani benki kuna kiasi hiki, tukisaini mkataba huu tutapungukiwa kiasi hiki ifikapo mwezi huu, naomba maelekezo. Mistari minne. Usilaumu, usipambe, usitaje sheria kumi na tano. Liweke kwenye faili na kwenye mfumo. Mimi mwenyewe nilishasaini bila dokezo, kwa heshima ya mkubwa, kule kwenye shirika nisilolitaja. Mfadhili akachelewa miezi mitano, wakandarasi wakajaa mapokezi, na mkubwa akasema kikaoni kwamba fedha alimwachia mhasibu. Hakusema uongo, na mimi sikuwa na karatasi. Nilipandishwa cheo kwa kuchelewa miaka mitatu. Sasa mmejua kwa nini naongea kwa hasira.

Kuna watu wanaona haya mambo ya mafaili ni ya makarani, wao wanataka kuzungumzia dira. Niwapeleke Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama mwaka 1994 kwa kazi kubwa kuliko zote, kuhukumu mauaji ya kimbari. Februari 1997 wakaguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa wakatoa ripoti yao. Waliona kwamba kwenye ofisi ya msajili hakuna hata eneo moja la utawala lililokuwa linafanya kazi sawasawa. Fedha hawakuwa na mfumo wa uhasibu. Wala Arusha wala New York hawakuweza kuona bajeti imetumikaje. Manunuzi yalikwenda nje ya taratibu, mali hazikuwa na daftari, watu wenye vyeo muhimu hawakuwa na sifa za vyeo hivyo. Mwezi uleule viongozi wawili wa juu wakaondoka. Mahakama ileile Septemba 1998 ikatoa hukumu ya kesi ya Akayesu, mara ya kwanza duniani kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Wanasheria husimulia Septemba 1998. Mimi nasimulia Februari 1997, na nikiisimulia kwenye mikutano ya wanasheria huwa wanaangalia saa.

Mwenyekiti naye anaangalia saa. Dakika kumi? Sawa, nilikuwa na mambo manne, nimesema moja.

La pili ni mifumo, nitalipita mbio. Mfumo mkuu wa fedha, watumishi na manunuzi wa Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, ulioanza kutumika 2013, unaitwa Umoja. Kiswahili chetu kabisa. Kwa hiyo mtu wa Geneva akikuandikia kwamba malipo yamekwama kwa sababu ya Umoja, usichukulie kisiasa. Ninachotaka mjue ni kitu kimoja humo ndani: anayethibitisha kwamba matumizi ni halali na kasma ipo, hawezi kuwa ndiye anayeidhinisha malipo. Mikono miwili. Vijana wanalalamika kwamba inachelewesha. Inachelewesha, ndiyo. Lakini ukimpa mtu mmoja funguo zote mbili kwa sababu mwenzake yuko likizo, umemweka huyo mtu mahali ambapo fedha ikipotea hawezi kujitetea hata kama hakuigusa. Mkiwa wakubwa, wapangeni watu wa kukaimu kabla likizo haijaanza.

La tatu, ukaguzi. Watanzania tuna cha kujivunia na hatukisemi. CAG wetu, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alikuwa mmoja wa wajumbe watatu wa Bodi ya Wakaguzi ya Umoja wa Mataifa kuanzia Julai 2012 hadi Juni 2018, na Profesa Mussa Assad aliwahi kuwa mwenyekiti wake. Vijana wa ofisi yetu ya ukaguzi walikuwa wanakwenda kukagua mashirika makubwa duniani na kuandika hoja ambazo mabosi wa huko walipaswa kuzijibu. Wakati huohuo Umoja wa Mataifa ulihamia viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, hesabu za 2014, kwa hiyo wenzetu walikuta kazi nzito. Na hati safi ya ukaguzi, nisikilizeni, haikwambii kwamba benki kuna fedha. Unaweza kupata hati safi na mishahara ya mwezi ujao huijui itatoka wapi. Hesabu zimeandikwa vizuri, ndivyo inavyosema.

La nne lilikuwa ajira, na nilikuja na karatasi mbili kwa ajili yake. Naziacha. Nitawaambia tu msijaze fomu za maombi kwa kunakili tangazo, tunaona.

Jedwali langu lenye iliyoingia na iliyofungwa nimelitoa nakala 60, ziko pale mlangoni, chukueni moja moja. Mwenyekiti ameniambia bajeti ya nakala ilipitishwa. Mwenye mashine bado namdai risiti na yeye bado ananidai fedha.

Maswali. Tuanze na dada mwenye daftari la kijani, amenyoosha mkono tangu nilipotaja mbuzi.