Kibao kinasoma kilomita, dashibodi nayo isome kilomita

Mabibi na mabwana, ndugu zangu madereva, mafundi, na ninyi vijana wa yadi mlioketi kule nyuma kana kwamba habari hii haiwahusu: inawahusu ninyi kwanza. Jambo hili nimelisema kwenye semina nyingi na nitaendelea kulisema hadi niache kuliona barabarani. Gari linalotembea Tanzania, dashibodi yake ionyeshe kilomita kwa saa. Siyo maili. Siyo maili kwa namba kubwa na kilomita kwa vinamba vya kutafuta kwa miwani. Kilomita, kwa namba kubwa, mbele ya macho ya dereva.

Na naomba tuelewane mapema, maana hapa ndipo ninapoeleweka vibaya. Sina ugomvi na maili. Siku nikiendesha Birmingham, kule Uingereza, nitataka dashibodi ya maili, na mtu akinipa ya kilomita nitamrudishia gari lake, kwa sababu vibao vya kule ni vya maili. Kanuni ni moja: kipimo kilicho kwenye kibao cha barabarani ndicho kiwe kwenye dashibodi. Huyo anayeniambia "mwalimu, mimi maili nimezoea" hajanijibu kitu. Kipimo cha spidi si rangi ya gari useme kila mtu achague inayompendeza. Kibao kimewekwa na nchi, na dereva anatakiwa akisome na akitii papo hapo, bila kupiga hesabu kichwani huku boda boda anamchomekea upande wa kushoto.

Haya, tuangalie namba. Maili moja ni kilomita 1.609. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka mwendo usiozidi 50 kwenye maeneo ya makazi. Sasa mchukue ndugu yetu aliyeagiza gari la mtumba kutoka Uingereza. Usukani uko kulia kama wetu, kila kitu kinafanana na tulivyozoea, hakuna kinachomshtua. Anaingia kijijini, anaona kibao cha 50, ananyanyua mguu, mshale unashuka mpaka 50, anatulia. Yuko kwenye 80. Na huyu ni mtu mtiifu! Hilo ndilo linaloniuma. Mkorofi anajua kwamba anavunja sheria, angalau roho inamsuta na macho yanatafuta trafiki. Huyu wetu anapita mbele ya shule kwa 80 huku akijihesabu kuwa dereva bora kuliko wote barabarani.

Tofauti ya 50 na 80 si ndogo. Kitabu cha sheria za barabarani cha Waingereza wenyewe kina jedwali ambalo kila mwanafunzi wa udereva kule hulikariri. Kwa maili 30, ambayo ni kama kilomita 48, gari linahitaji mita 23 kusimama, tangu dereva aone hatari hadi tairi zitulie. Kwa maili 50, yaani 80 yetu, mita 53. Sasa tulia hapo. Mtoto ameingia kwenye kivuko cha pundamilia mita 25 mbele yako. Dereva wa kwanza anasimama, anamwona mtoto akiwa mzima, anamfokea, maisha yanaendelea. Dereva wa pili katika mita hizo 25, mita 15 zimekwisha kabla mguu haujagusa breki, kwa kuwa akili ina muda wake wa kushtuka. Breki imefanya kazi kwenye mita kumi tu. Ukipiga hesabu, pale alipo mtoto gari bado linakwenda karibu 70. Sijasema alikuwa amelewa. Sijasema alikuwa kwenye simu. Aliona kibao, akatii kibao, kwa kipimo kisichokuwa cha kibao.

Kuna mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mtu mzima, mfanyabiashara, alisimamishwa Barabara ya Morogoro, amepigwa tochi ya kupima mwendo. Tochi inasoma 78. Akashuka na hasira zote. Akaapa kwa wazazi wake kwamba hakufika 50, mshale aliuangalia kwa macho yake mawili. Trafiki, ambaye viapo vya namna hiyo anavisikia tangu asubuhi, akamwandikia faini. Akanipigia simu papo hapo, anataka nimsaidie kulalamika kwamba tochi ni mbovu. Nikamwambia: nenda kwenye dashibodi, niangalizie chini ya mshale pameandikwa nini. Kimya. Kisha akanisomea herufi moja moja: M, P, H. Maili kwa saa, kwa Kiingereza. Gari alikuwa amelitumia mwezi mzima! Mwezi mzima anapita Kibaha, anapita Mlandizi, anapita Chalinze, kila kibao cha 50 anakipita kwa 78 au 80, na ana uhakika. Tochi ilikuwa nzima. Aliyemuuzia hakumwambia. Aliyemkagulia hakumwambia. Fundi aliyemfungia redio, ambaye aliingiza kichwa kizima ndani ya hiyo dashibodi, naye hakumwambia. Yule bwana ni mwerevu kunizidi kwenye biashara, ila ameendesha magari ya Japani miaka yote, na magari ya Japani yanakuja na kilomita. Jicho lake halikuwa na sababu ya kushuka hadi kwenye zile herufi tatu.

Najua mtakaloniambia: "Lakini mwalimu, spidomita ya Kiingereza ina kilomita pia, zile namba ndogo za ndani." Zipo. Nimekaa kwenye magari hayo, nimezitazama. Duara la nje lina 20, 40, 60, 80, nyeupe, nene. Duara la ndani lina kilomita, nyembamba, mara nyingi kwa rangi iliyofifia, na usiku taa ya dashibodi ikipunguzwa ndizo zinazoanza kupotea. Ziliwekwa kwa ajili ya Mwingereza anayevuka na feri kwenda Calais kutembea Ufaransa wiki mbili, kisha arudi kwao. Ni za safari, za kukodolea. Wewe unataka kuishi nazo miaka kumi kati ya Mbezi na Kariakoo? Mtu hakodolei dashibodi. Anaitupia jicho mara moja, na jicho linaokota namba kubwa.

Mwingine anasema ataweka simu mbele, ramani inamwonyesha spidi kwa kilomita. Simu inaisha chaji. Simu inapigiwa. Simu inapata joto juani na kuzima. Na mwingine, huyu msomi, ananiambia spidomita zote hata hivyo huzidisha, kwa hiyo makosa yamo tayari. Kweli, kanuni ya kimataifa inaruhusu spidomita isome zaidi ya mwendo halisi, hadi sehemu moja ya kumi na kilomita nne juu yake, lakini hairuhusu kabisa isome pungufu. Yaani waliotunga kanuni wamekubali kwamba kama ni kukosea, ikosee upande wa usalama. Dereva anayesoma maili akidhani ni kilomita amekosea upande wa pili, kwa asilimia 60. Sasa msomi, hoja yako imekusaidia wewe au mimi?

Twende Ayalandi, maana pale kuna somo ninalolipenda kuliko yote. Kwa miaka mingi Waayalandi waliishi na mchanganyiko: vibao vya umbali vingi vilikuwa vya kilomita, vibao vya spidi vya maili. Mtu anasoma mji wa Galway ni kilomita kadhaa, halafu anaambiwa asizidi maili 60. Wakaamua kumaliza. Tarehe 20 Januari 2005 nchi nzima ikahamia kilomita, siku moja. Vibao vipya vilikuwa makumi ya maelfu, vimefungwa mapema, na siku ilipofika vikaanza kazi. Na hawakugeuza namba kwa kikokotoo wakapata 48 na 64 na 97. Walikaa wakafikiri upya: 30 ya mjini ikawa 50, 40 ikawa 60, barabara kuu za kitaifa 100, zile ndogo za vijijini ambazo zilikuwa na maili 60 zikashushwa hadi 80, barabara za mwendo kasi zikapewa 120. Na kwenye kila kibao, chini ya namba, wakaandika kipimo chenyewe, km/h, ili mtu asiseme hakujua.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu. Hawakubadilisha vibao wakaacha magari. Kuanzia mwaka huohuo magari mapya yaliyouzwa kule yakaja na spidomita za kilomita. Kibao na dashibodi vilihama pamoja. Na jirani yao wa kaskazini, Ayalandi Kaskazini, amebaki na maili kwa kuwa yuko chini ya Uingereza. Ukivuka mpaka kwa gari, kipimo kinabadilika na unatakiwa ujue. Uingereza nayo ilikuwa na mpango wa kuhamia kilomita mwaka 1973, lakini serikali yao ikausitisha Desemba 1970, na mpaka leo wako kwenye maili, vibao na magari kwa pamoja. Waingereza wana msimamo, Waayalandi wana msimamo. Sisi tuna vibao vya Waayalandi na tunaruhusu dashibodi za Waingereza.

Na msiniambie hii ni tabu ya nchi tajiri. Australia walihama Julai 1974, Kanada mwaka 1977, na sisi wenyewe tulihama. Waliokuwa wakipimia njia kwa maili ndio waliotuachia Maili Moja pale Kibaha. Tulishamaliza kazi hiyo. Tunairudisha kupitia bandarini, gari moja moja.

Muda umenibana, kwa hiyo haya mengine nayapitisha haraka. Maileji. Gari la Uingereza likionyesha 60,000, hizo ni maili, na limetembea zaidi ya kilomita 96,000. Muuzaji anayekuambia "limetembea sitini elfu" akanyamaza, amekuibia kwa kunyamaza. Na stika ya oili: fundi akikuandikia urudi baada ya kilomita 5,000, ukasubiri odomita, ile namba ya umbali uliotembea, iongezeke 5,000 za maili, umepitisha kilomita elfu tatu kwenye oili iliyochoka. Mnashangaa injini zinakunywa oili.

Mafundi umeme, suala la kubadilisha. Kwenye gari la mshale, mara nyingi inatosha kubadilisha bamba la namba lililo nyuma ya mshale, liwe la modeli ileile, vinginevyo mshale utaonyesha uongo wa aina nyingine. Mkibadilisha dashibodi nzima, mnaleta odomita ya gari lingine; mwandikieni mwenye gari kwenye karatasi namba ya zamani, namba mpya na tarehe, msimwache aje kuitwa mwizi siku ya kuliuza. Gari la skrini ni menyu tu, dakika mbili. Lakini yako mengine ukichomoa betri yanarudi kwenye maili yenyewe, kwa hiyo kila mkigusa betri, mwangalie tena kabla hamjafunga boneti.

Vijana wa yadi, nawarudia. Kabla hujamkabidhi mteja ufunguo, kaa naye garini, washa gari, muwekee kidole kwenye kipimo. Kama ni maili, bei mliyoelewana iwe na gharama ya kubadilisha ndani yake, na iandikwe kwenye mkataba. Akikataa kubadilisha, usimuuzie. Najua mtasema mtapoteza mteja. Mpoteze. Haya, maswali, naanza na mzee wangu pale mbele, halafu yule binti wa karibu na dirisha.