Machozi Yanamwagika Halafu Sista Anasema Jicho Kavu

Shikamooni wazee wangu, mama zangu, vijana mambo. Mwenyekiti kanipa nusu saa kabla hamjarudi kwenye mgao wa salfa ya mikorosho, najua vichwa vyote viko huko, basi niazimeni sikio moja tu litatosha.

Mi sista wenu wa macho nimekuja na wimbo wangu ule ule, waliowahi kunisikia wavumilie. Jicho linalotoa machozi hovyo linaweza kuwa jicho kavu. Naona mmeanza kucheka. Chekeni, kila kijiji wanacheka hapo hapo.

Kuna mzee mmoja alikuja kwangu kutoka Tandahimba, leso mkononi, macho mekundu kama kaungua, kope zimevimba ukingoni na zina magamba kama mba. Nyumbani mkewe keshamaliza kesi, kwamba huyu anajificha anapiga uraka, ile pombe ya mabibo. Msibani ndo usiseme, akikaa kwenye upepo machozi yanatiririka mpaka watu wakawa wanamsifia kwamba kalia kuliko wafiwa, na marehemu wenyewe walikuwa hawapatani! Sasa mi nikampima nikamwambia mzee wangu, macho yako makavu. Akaniangalia, akaikamua leso sakafuni mbele yangu, akasema sista, haya niliyokamua ni nini?

Nikamwambia kaa nikuonyeshe. Nilimtia tone la rangi ya njano, nikamulika kwa mwanga wa bluu, nikamwambia usipepese, nikaanza kuhesabu. Jicho zima utando wa machozi unakaa sekunde kumi na zaidi kabla haujapasuka. Wake moja, mbili, tatu, nne, umepasuka. Nikabonyeza ukingo wa kope, pale panapotakiwa kutoka mafuta maangavu ya maji maji kama ya kupikia, kikatoka kitu kizito kama dawa ya meno.

Hapo ndo penyewe. Machozi siyo maji peke yake. Chini kuna ute unaoyashikisha kwenye jicho, katikati maji, juu kabisa mafuta membamba sana, na hayo mafuta ndo kifuniko, yasipokuwepo maji yanakauka kama kanga kwenye upepo wa kusi. Yanatoka kwenye vitundu vilivyo ukingoni mwa kope, juu vipo kama 30 hivi, chini pungufu kidogo, na kila ukipepesa kope inayakamua na kuyapaka. Vitundu vikiziba jicho linakauka, likikauka linachoma kama lina mchanga, likichoma mwili unamwaga maji kwa mpigo kama umekata kitunguu. Ila ni maji matupu, yanateremka shavuni yanakwenda zake, jicho linabaki na kiu ile ile.

Sasa niambieni, mwezi huu wa saba hapa Newala, asubuhi na baridi hii, ukiinamisha chupa ya mafuta ya nazi yanatoka? Hayatoki, yameganda. Unaitupa chupa? Unaianika juani au unaisogeza karibu na jiko, basi. Na kope ni hivyo hivyo! Unachukua kitambaa safi, unachovya maji ya moto, siyo ya kuunguza, kwanza unajaribu hapa ndani ya kiwiko, unafumba macho unaweka juu ya kope dakika tano mpaka kumi, kikipoa unachovya tena maana kinapoa haraka. Halafu kwa kidole ulichonawa unasukuma taratibu, kope ya juu unateremsha, ya chini unapandisha, yote kuelekea kwenye nywele. Halafu maji yaliyochemka yakapoa, matone mawili ya shampuu ya mtoto, unasafisha shina la nywele za kope, siyo ndani ya jicho. Asubuhi na jioni.

Kuna mtu pale nyuma anasema moyoni, sista, maji yenyewe ndoo tunanunua. Najua, na mi nanunua. Kikombe kimoja cha chai kinatosha, kibakishe kwenye chupa ya chai. Mwingine anasema nimefanya siku tatu sijaona kitu. Siku tatu! Korosho unapanda leo unasubiri miaka mitatu, kope umeipa siku tatu. Fanya mwezi, na ukipata nafuu punguza lakini usiache, hiki kitu kinatulizwa, hakiishi moja kwa moja.

Yule mzee alifanya wiki sita, leso akairudisha mfukoni. Mkewe sasa anadai uraka kaacha.

Lakini alichonikasirisha ni kitu kimoja, miezi mitano nyuma alikuwa ananunua matone dukani bila kupimwa na mtu. Yale yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, jina deksamethasoni lipo pale kwenye kichupa ukisoma, yanang'arisha jicho siku mbili tatu unaona umepona, kumbe ukiyaendekeza yanapandisha presha ya jicho, yanaleta mtoto wa jicho, na presha ya jicho ikishakula uoni haurudi. Mi siyakatai, yana kazi yake, ila ayaandike mtu aliyekumulika. Ukitaka cha kununua mwenyewe ulizia machozi ya bandia. Ukiyahitaji zaidi ya mara nne kwa siku uje tukutafutie yasiyo na dawa ya kuhifadhia, maana hiyo nayo inachoma.

Eeh mwenyekiti nakuona, namalizia.

Salfa. Mnapulizia alfajiri upepo umetulia, vizuri, ila macho wazi! Mkorosho unapona ubwiri unga, ule ugonjwa wake, wewe jicho linawaka. Vaeni miwani ya kujikinga, unga ukiingia osha kwa maji mengi, usifikiche. Moshi wa kubangua korosho nao hivyo hivyo. Vijana, mkikodolea simu hampepesi, ndo maana jioni macho yanachoma. Maziwa ya mama ni ya mtoto, yaende mdomoni, siyo jichoni. Mtoto akianza kujigonga jioni haoni hiyo siyo habari ya kope, ni vitamini A, mlete. Na nywele zikigeukia ndani zinachoma jicho, hivyo ni vikope, hapo kitambaa cha moto hakisaidii, mlete. Jicho likiuma sana, au uoni ukipungua, au ukiona doa jeupe kwenye mboni, usiloweke kitambaa chochote, njoo siku hiyo hiyo.

Chokea nilitaka niiseme, muda hakuna.

Haya mama wa kanga ya kijani, njoo hapa mbele, chupa ya chai ipo na kitambaa nimefua mwenyewe. Fumba macho. Moto sana? Safi. Usifungue, na nyie msimchekeshe, bado dakika nne.