Kamba Haihesabiwi kwa Miaka Tu

Mlionisikia nikilisema hili kwingine mnivumilie. Nitalisema tena, maana kila nikimaliza kuzungumza kuna mtu hunifuata mlangoni: "Mwalimu, kamba yangu ya kupandia miamba ina miaka minne, niitupe?" Ndugu yangu, mimi nitajuaje? Imeangukiwa mara ngapi? Imelala wapi?

Miaka 10 wanayoandika watengenezaji ni ukomo, hata kwa kamba ambayo haijatoka kabatini. Anayepanda kila wiki huambiwa mwaka mmoja hivi. Na kamba mpya kabisa yaweza kufa siku ya kwanza, ikipita kwenye ukingo mkali wa jiwe huku imebeba mtu. Hapo miaka imekusaidia nini?

Tumia mikono. Kaa chini, vua glovu, ipitishe kamba yote vidoleni kutoka ncha hadi ncha, na usiharakishe. Mita 60 si mchezo, najua. Kila hatua ikunje kidogo. Palipo pazima hujikunja kwa mviringo. Pakijipinda ghafla, au vidole vikahisi pamebonyea, pamelegea au pamekakamaa, basi kiini cha ndani kimeumia, na kiini ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya mzigo. Manyoya manyoya kwenye ala, yaani ganda la nje lililofumwa kukizunguka kiini, yasikutishe, huanza mapema. Lakini kiini kikichungulia kwenye ala, mjadala umekwisha. Usiniletee picha uniulize.

Najua kuna anayesema moyoni: mbona maabara kamba hustahimili? Kweli, kiwango cha UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, kinataka kamba inayotumika peke yake ihimili angalau mianguko 5 ya uzito wa kilo 80. Mianguko mikali kweli kweli. Lakini ile ni kamba mpya, kavu, inayopita kwenye ukingo wa chuma uliolainishwa. Yako ina mchanga ndani. Imelowa, na kamba iliyolowa huhimili mianguko michache zaidi. Usijilinganishe na maabara, tafadhali.

Karibu na ncha ndipo huchoka kwanza, kwa sababu ukianguka hapo ndipo panaposuguana na karabina, ile pete yenye kilango ambamo kamba hupita. Unaweza kuikata ncha hiyo, kamba ikaendelea kutumika ikiwa kwingine ni nzima. Ila alama ya katikati haiko katikati tena, na kamba imekuwa fupi: mwisho wake ufungwe fundo, la sivyo anayekushusha itamchomoka wewe ukiwa bado hewani.

Asidi ya betri nilitaka kuieleza kwa kirefu, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa kifupi, huila nailoni na huenda isiache hata doa. Kwa hiyo kamba iliyosafirishwa pamoja na betri, au uliyopewa na mtu bila kujua ilikotoka, hata mikono yenu haiwezi kuitetea. Istaafisheni. Na mkiistaafisha ikateni vipande vifupi, maana ikiachwa nzima kuna kijana ataiokota akapandie.

Kuosha sijagusa. Mtaniuliza kwenye maswali.