Cheti cha Hisa Kitoke Sandukuni Mwenyewe Akiwa Hai

(Mhadhara kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo, Tororo)

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama pale mlangoni, hamjambo nyote. Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya hisa, na nimefurahi kuona baadhi yenu mmekuja na vyeti vyenyewe.

Wengi mlinunua hisa za benki ya Stanbic mwishoni mwa mwaka 2006, hisa moja kwa shilingi 70. Wengine mna Uganda Clays, kampuni ya kwanza kuandikisha hisa zake katika soko letu la hisa, mwaka 2000. Cheti kilipokuja kikatiwa sandukuni pamoja na hati ya shamba, na huko kimelala mpaka leo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mali yenyewe imo katika daftari la wanahisa, analolitunza msajili wa hisa wa kampuni. Cheti ni ushahidi tu wa kilichoandikwa mle. Mwenye cheti cha hisa 1,000 za Stanbic za wakati ule, ambaye hajauza hata moja, leo ana hisa 10,000, kwa sababu benki iligawa hisa za nyongeza bila malipo. Karatasi yake bado inasema 1,000. Hata jina la kampuni limebadilika: siku hizi ni Stanbic Uganda Holdings.

Lakini hata cheti chako kiwe safi namna gani, dalali hawezi kukuuzia hisa hizo zikiwa bado za karatasi. Lazima kwanza ziingie katika hifadhi ya kielektroniki ya Soko la Hisa la Uganda, ile inayoitwa SCD. Sheria yake ni ya mwaka 2009. Walionunua hisa za MTN mwaka 2021 waliingia humo moja kwa moja. Ninyi wa zamani ndio mna kazi ya kuhama.

Kuhama kwenyewe si kugumu. Unafungua akaunti ya SCD kwa dalali mwenye leseni, au kwa simu kupitia Easy Portal ya Soko la Hisa. Kisha unajaza fomu ya kuhamisha, unaambatanisha cheti halisi, na dalali anakipeleka kwa msajili. Msajili analinganisha jina, idadi ya hisa na sahihi. Vikikubaliana, karatasi inafutwa na hisa zinaonekana katika akaunti yako. Kabla hujakabidhi cheti, toa nakala, na udai risiti yenye namba ya cheti. Usimpe shemeji anayesafiri kwenda Kampala akupelekee kienyeji. Kama humjui dalali, angalia kama yumo katika orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, wanaowapa madalali leseni.

Kazi iko kwenye majina. Mama mmoja amenionyesha chake kabla hatujaanza, na ameniruhusu niseme. Cheti kinasema Atieno, bila h. Kitambulisho cha taifa kinasema Athieno, na jina la mumewe limeongezwa mwishoni. Wakati ananunua hakukuwa na kitambulisho cha taifa. Vilianza kuandikishwa mwaka 2014. Karani aliandika alivyosikia. Kwa msajili, hao ni watu wawili mpaka mama aapishwe mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni yake. Ni hati ya ukurasa mmoja, na ni yeye mwenyewe anayeweza kuiapa.

Na sahihi pia. Mzee aliyetia sahihi mwaka 2006 kwa mkono imara, leo mkono unatetemeka. Si kosa lake. Basi aende mwenyewe na kitambulisho chake, aonekane, athibitishwe. Aliyepoteza cheti ataripoti polisi, atakula kiapo, na atatia sahihi ahadi ya kubeba hasara kama cheti kile kitajitokeza mikononi mwa mtu mwingine. Inachukua muda, lakini inawezekana.

Mwenyewe akishafariki, ndipo mambo yanapozidi uzito. Watoto hawawezi kuja na cheti cha baba pamoja na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wakasema tupeni. Kama baba hakuacha wosia, watatafuta cheti cha kifo, waende kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi wapate hati ya kutokuwa na pingamizi, kisha mahakamani waombe usimamizi wa mirathi. Nimeona familia zikiacha hisa kwa sababu nauli na ada zilizidi kile walichotarajia kupata. Inaniuma, kwa sababu mzee alijinyima ili anunue. Vijana, leo jioni mkifika nyumbani, waulizeni wazazi kama wana karatasi hizi. Waulizeni kwa heshima, wasidhani mnawaombea kufa.

Jambo la mwisho ni gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Zamani hundi zilitumwa kwa posta, na wengi mmehama au sanduku la posta mliloandika lilikuwa la mwajiri. Katika fomu, jazeni akaunti ya benki inayofanya kazi, kisha mwandikieni msajili mkiuliza magawio ya miaka iliyopita ambayo hayakuchukuliwa. Kodi ya zuio kwa mkazi aliye na hisa za kampuni iliyoorodheshwa sokoni ni asilimia 10, nayo hukatwa kabla fedha hazijakufikia. Kwa hiyo mkiona pungufu, ombeni maelezo ya kila mwaka, mlinganishe mstari kwa mstari.