Mguu Mmoja Ukivimba Ghafla: Saratani na Damu Kuganda

HAMISI: Karibu msikilizaji. Leo niko na dada Neema, muuguzi ambaye kazi yake ya kila siku ni wagonjwa wa saratani. Tunaongelea damu kuganda ndani ya mishipa, jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi kabisa. Dada, karibu.

NEEMA: Asante kaka Hamisi. Naomba nianze na hili kabla hatujaenda mbali. Mgonjwa wa saratani akivimba mguu mmoja ghafla, msimkande wala msimchue.

HAMISI: Kukanda ndiyo huduma ya kwanza majumbani kwetu.

NEEMA: Ndiyo maana nimelitanguliza. Chukua mama anayetibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Anaamka asubuhi mguu wa kushoto umejaa, paja limekaza, shavu la mguu ukiligusa lina joto na linauma. Binti yake anachemsha maji, anatia chumvi, anakamua taulo na kuanza kukanda. Jirani anakuja na mafuta ya kuchulia. Wote wanampenda. Lakini kama mle ndani ya mshipa mkubwa wa paja kuna bonge la damu, hatutaki libinywe. Kipande kikimeguka kinapanda na damu mpaka moyoni, moyo unakisukuma kwenye mapafu, kinaziba. Mtu anaweza kufa muda uleule.

HAMISI: Na huku pwani mguu ukivimba, wa kwanza kutajwa ni matende. Au wanasema kakanyaga kitu alichotegewa.

NEEMA: Matende huja taratibu, kwa miezi na miaka. Figo au moyo ukiwa na shida, mara nyingi huvimba miguu yote miwili. Sasa mguu mmoja, ndani ya siku moja au mbili, kwa mtu mwenye saratani? Hospitali leo leo, asisubiri tarehe ya kliniki. Kwa macho peke yake hata mimi siwezi kusema ni nini, maana uvimbe wa nyonga nao unaweza kubana mshipa, au maji yakakosa njia ya kupita kwenye tezi. Anahitaji utrasaundi ya mishipa. Na mkono nao usisahaulike, hasa kama amewekewa mpira wa dawa kwenye mshipa mkubwa.

HAMISI: Na bonge likishafika kwenye mapafu, mtu anajisikiaje?

NEEMA: Pumzi inakata ghafla. Kifua kinachoma akivuta hewa, moyo unakwenda mbio, anaweza kuzimia au kukohoa damu. Wengine mguu haukuvimba hata kidogo. Hapo ni dharura, saa yoyote ya usiku.

HAMISI: Kwani saratani na kuganda kwa damu vinakutania wapi?

NEEMA: Damu huganda ikitembea polepole, au ukuta wa mshipa ukiumia, au damu yenyewe ikiwa na mwelekeo wa kuganda. Saratani inaweza kuleta yote matatu kwa mpigo. Seli zake zinatoa kemikali zinazoamsha mfumo wa kugandisha damu. Uvimbe unabana mishipa, mgonjwa analala muda mrefu. Kisha sisi wenyewe tunaongeza: upasuaji, mipira ya dawa, dawa za kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, kama sisplatini. Wala si habari mpya. Daktari Mfaransa, Armand Trousseau, alifundisha uhusiano huu mwaka 1865. Miaka miwili baadaye damu ikaganda kwenye mshipa wake mwenyewe, akajua ana saratani. Alifariki mwaka huohuo wa 1867, kwa saratani ya tumbo.

HAMISI: Zaidi ya miaka 150, na bado mgonjwa haambiwi?

NEEMA: Hilo linaniuma sana. Foleni ndefu, daktari ana dakika chache. Ataongelea kutapika, nywele kunyonyoka, damu kupungua. Kuganda kunarukwa, wakati ni miongoni mwa mambo yanayoua zaidi wagonjwa walio kwenye kemo, ukiacha saratani yenyewe.

HAMISI: Saratani zote ni sawa katika hili?

NEEMA: Hapana. Kongosho na tumbo ziko juu kabisa, na ubongo. Kisha mapafu, ovari, kibofu, saratani za tezi za limfu (limfoma). Titi na tezi dume ziko chini, ila vidonge vya tamoksifeni, vinavyotumika kwa saratani ya titi, vinapandisha hatari kiasi. Na miezi ya mwanzo baada ya kugundulika ndiyo mibaya zaidi. Tangu mwaka 2008 kuna alama za Khorana, za kukadiria hatari ya damu kuganda, zinazohesabiwa kabla ya kuanza kemo: aina ya saratani, unene wa mwili, na majibu ya picha kamili ya damu, ambayo mgonjwa anapimwa hata hivyo. Ukifika alama 2 au zaidi, daktari anaweza kufikiria kukupa dawa ya kinga. Kwa hiyo uliza waziwazi: "Daktari, mimi hatari yangu ya damu kuganda ikoje?"

HAMISI: Kuna wanaotoka Kigoma au Songea kwa basi kuja Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kupata mionzi.

NEEMA: Hao nawawaza sana. Akina mama hasa hawanywi maji njiani, wanaogopa kubanwa na mkojo ndani ya basi. Anywe. Basi likisimama watu wachimbe dawa, ashuke, atembee hata kama hana haja. Akiwa kwenye kiti achezeshe vifundo vya miguu, akanyage na kunyanyua visigino. Na aliyewahi kuganda damu aongee na daktari kabla ya kukata tiketi.

HAMISI: Akikutwa na bonge, anapewa nini?

NEEMA: Kuna sindano ya enoksaparini, inachomwa chini ya ngozi ya tumbo. Kuna vidonge kama apiksabani na rivaroksabani, ingawa kwenye saratani za tumbo na utumbo tunaangalia sana, maana vinaweza kusababisha kutokwa na damu. Na kuna wafarini ya zamani, inayotaka kupimwa damu mara kwa mara. Mwenye wafarini asile mchicha na kisamvu kwa fujo wiki hii, wiki ijayo akaacha kabisa, kipimo kitayumba. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya duka la dawa, asiiguse bila kuuliza. Akiona choo cheusi au fizi zinatoka damu, arudi.

HAMISI: Kwa muda gani?

NEEMA: Kwa kawaida miezi 3 hadi 6, na zaidi kama saratani ipo bado au matibabu yanaendelea. Shida kubwa tunayoiona ni fedha. Mguu unapungua ndani ya wiki mbili, sindano ni ghali, mtu anaacha kimyakimya kwa sababu anaona aibu kusema hana. Mama, baba, sema. Njoo kabla dozi ya mwisho haijaisha, uwaambie hela imekwisha. Tunaweza kukuhamishia wafarini, ambayo bei yake ni nafuu, lakini kuhama kunafanywa kwa kutumia dawa zote mbili kwa pamoja siku kadhaa huku tukipima damu, kwa hiyo tunahitaji uje ukiwa bado na sindano mkononi.